Jiko Moja kwa Ugali na Dhahabu

Katika machimbo ya Osiri Matanda, Nyatike, kaunti ya Migori, Kenya, kazi ya mwisho ya kutafuta dhahabu hutoshea ndani ya kijiko. Kufikia hapo, mawe yamekwisha kutolewa shimoni, yamepondwa kwa nyundo, yamesagwa kwa mashine ya dizeli, na unga wake umeoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa gunia au zulia. Kilichonasa kwenye nyuzi hukung'utwa ndani ya beseni, na hapo ndipo zebaki huingia. Humiminwa kidogo, ikakandwa pamoja na mchanga mweusi kwa vidole vitupu mpaka ishike kila chembe iliyoweza kuifikia. Kisha hukamuliwa kwa kitambaa. Donge linalobaki ni la rangi ya fedha, dogo kuliko punje ya harage, nalo huwekwa juu ya moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, kiwango ambacho makaa ya kawaida hukifikia bila taabu, ikapaa kwa mvuke usio na rangi wala harufu. Dakika chache baadaye imebaki dhahabu, na mnunuzi mara nyingi yuko karibu na mizani yake.

Mara nyingi moto huo ni wa jiko lilelile linalopikiwa ugali. Wanaume ndio wanaoshuka mashimoni. Kuponda, kuosha na kuchoma ni kazi ambayo kwa sehemu kubwa imewaangukia wanawake, na mama anayenyonyesha hana mahali pa kumwacha mtoto wakati donge liko motoni. Mvuke ukipoa hurudi kuwa matone madogo yasiyoonekana: kwenye ukuta wa udongo, kwenye nguo, juu ya sufuria, upande wa ndani wa mabati. Anayeuvuta kila wiki, mwaka baada ya mwaka, huanza kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi. Figo huathirika. Mimba huathirika zaidi, kwa kuwa ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio kwanza unajengwa. Hakuna dalili hata moja kati ya hizo inayokuja siku ileile ya kuchoma. Ingekuwa zebaki inaunguza mkono kama mafuta moto, Osiri ingekuwa imeiacha zamani bila semina wala bango.

Mtu akitajiwa hatua za kulinda tabianchi mashinani huwazia miche ya miti, mikutano ya wazee chini ya mwembe, na paneli za jua juu ya paa. Mambo hayo yapo, na nitayafikia. Lakini Osiri inatulazimisha tuanzie jikoni, kwa sababu hapo ndipo neno zuri la "uchaguzi rafiki kwa mazingira" linapokutana na mtu asiye na cha kuchagua. Nimekuwa nikiuliza kwa nini, kando ya Ziwa Victoria hilihili, baadhi ya mabadiliko ya maisha ya kila siku yameshika na mengine yamekufa pamoja na turubai la siku ya uzinduzi. Jibu ninaloliona halina siri kubwa. Yaliyoshika yalimlipa mtu siku hiyohiyo, au msimu huohuo. Yaliyokufa yalimtaka maskini ajinyime leo kwa ajili ya kesho ya watu wengine.

Tani nyingi kutoka vijiko vingi

Tumezoea kudhani kwamba uchafuzi mkubwa hutoka kwenye mabomba ya viwanda vya nchi tajiri. Kuhusu zebaki, sivyo. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu wanairusha hewani: karibu tani 838 kwa mwaka, sawa na asilimia 38 hivi ya jumla yote. Mitambo inayochoma makaa ya mawe inafuata kwa mbali. Tani hizo hutoka kwa mamilioni ya wachimbaji wa Amerika Kusini, Asia na Afrika, kila mmoja akichoma donge lake. Kwa kawaida gramu moja ya dhahabu hugharimu gramu moja hadi mbili za zebaki inayopotea, nyingine hewani, nyingine ndani ya mchanga unaomwagwa.

Mkataba wa dunia unaoshughulikia jambo hili una jina la ghuba ya Minamata, Japani. Huko kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji yenye zebaki baharini kwa miaka mingi, wavuvi wakala samaki, na mwaka 1956 madaktari wakatambua rasmi ugonjwa uliokuwa umeanza kuwapooza watu na kuwatia paka wazimu. Mkataba ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Kenya ilitia saini mapema, ikauridhia mwaka 2023. Unataja matendo manne ambayo kila serikali inapaswa kuyakomesha kwenye machimbo madogo: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa badala ya ule mchanga mzito uliokwisha kuchujwa, kuchoma donge mahali pa wazi, kulichoma kwenye makazi ya watu, na kumwaga sianidi juu ya mabaki yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Ukisoma orodha hiyo ukiwa Nyatike utadhani aliyeiandika alikaa na beseni lake hapahapa.

Niseme mapema ili mwanasayansi asinikamate: zebaki haipashi dunia joto. Uhusiano wake na tabianchi unapita mlango mwingine, nao ni maji. Mto Gucha hushuka kutoka nyanda za juu za Kisii, ukakutana na Mto Migori, na kwa jina la Kuja ukaingia ziwani hapo Nyatike. Kila mvua kubwa inayoangukia machimbo husomba kitu kuelekea huko. Na mvua zimekuwa kubwa. Zile za mwisho wa 2019 zilichochewa na joto lisilo la kawaida la Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi. Ziwa likaanza kupanda, na Mei 2020 kipimo cha Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964. Mwaka 2024 maji yakaipita hata hiyo. Watu wa nyanda za chini za Kuja, Kabuto na Angugo wakiwemo, wamehama na kurudi mara nyingi kiasi kwamba baadhi yao wanajenga wakijua watahama tena.

Ardhi yenye mabaki ya machimbo ikifunikwa na maji, bakteria wanaoishi kwenye matope yasiyo na hewa huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, aina inayoingia mwilini mwa samaki na kuongezeka kila samaki mkubwa anapomla mdogo. Hofu nayo isipitishwe kipimo. Tafiti za samaki wa Ziwa Victoria zilizochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuta wengi wao wakiwa chini ya viwango vya tahadhari, na waliovikaribia au kuvipita walikuwa baadhi ya mbuta wakubwa. Kwa hiyo usiache omena wako. Kama ningelazimika kusema ni nani wa kumhofia zaidi leo, ningemtaja anayechoma dhahabu ndani ya nyumba kabla ya anayekula ngege mbichi. Lakini zebaki haiozi. Ile iliyomwagwa enzi za babu bado ipo.

Na enzi za babu zilikuwepo. Macalder, kilomita chache tu kutoka hapa, ilichimbwa tangu miaka ya 1930 na kampuni za kikoloni zilizotafuta dhahabu na shaba, hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Kampuni iliondoka, vilima vya mabaki vikabaki, na watu wakaendelea kuvirudia kwa majembe na mabeseni. Nyatike ni sehemu kavu ukilinganisha na Kisii au Kuria. Mahindi yakikauka yakiwa na urefu wa goti, shimo huita. Bei nayo inaita kwa sauti zaidi: Agosti 2020 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 2,000 kwa mara ya kwanza, na Oktoba 2025 ikapita 4,000. Ukame wa shambani na bei ya London huishia mkononi mwa mwanamke yuleyule mwenye beseni.

Taa za omena

Tuiache Osiri kidogo, tuambae ziwa kuelekea kaskazini hadi Mbita, Homa Bay, ambako kuna kisa cha kuchangamsha zaidi.

Omena huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu boti hukaa ufuoni na wavuvi hushona nyavu. Giza likirudi, taa huelezwa juu ya vyelezo, samaki hufuata mwanga, na wavu huzungushwa chini yao. Ukisimama Mbita usiku kama huo utaona ziwa limewaka taa hadi upeo wa macho, na mgeni anaweza kudhani kuna mji ng'ambo. Kwa miongo mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai. Kila boti ilibeba taa kadhaa, kila taa ilikunywa mafuta usiku kucha, na kabla mvuvi hajahesabu faida alikuwa kwanza anamlipa muuza mafuta ya taa. Moshi ulikuwa wake, na mafuta yaliyomwagika yalikuwa ya ziwa.

Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram ya Ujerumani, pamoja na shirika la Global Nature Fund, ilifungua Mbita kituo cha kuchajia taa kwa nguvu za jua, chini ya mradi uliopewa jina la Kiswahili, Umeme kwa Wote. Wajanja wa mradi huo, kwa maoni yangu, ni wale waliokataa kumuuzia mvuvi taa. Aliweka amana, akachukua taa iliyojaa chaji jioni, akairudisha asubuhi na kulipia chaji tu. Betri ikichoka ni shida ya kituo. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuhusu kaboni. Mvuvi alilinganisha ada ya chaji na mafuta aliyonunua jana, akachagua. Vituo vya namna hiyo viliendelea, na baadaye vikawa chini ya kampuni ya kijamii ya WeTu, inayouza pia maji safi na kukodisha pikipiki za umeme katika maeneo ya ziwa.

Serikali nayo iliongeza msukumo, ingawa ilikuwa ikifukuzana na mwizi mwingine. Septemba 2018 mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuwazima wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Mauzo yalishuka sana. Sijui kama kuna mpango wowote wa tabianchi nchini uliowahi kuhamisha familia nyingi hivyo kutoka kwenye koroboi kwa muda mfupi kama tozo ile ambayo haikuwa na neno tabianchi ndani yake. Iliwaumiza pia waliokuwa hawana sola, na hilo lisisahaulike na wale wanaopenda kusimulia mafanikio.

Mbita hiyohiyo ina kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, taasisi iliyoanzishwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kituo hicho leo kina jina lake. Ndipo ulipokuzwa mfumo wa kilimo wa sukuma-vuta. Mkulima yeyote wa Homa Bay au Migori anaijua kayongo, gugu lenye ua zuri la zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu. Harufu yake humfukuza nondo wa kiwavi anayetoboa mabua, mizizi yake huichochea mbegu ya kayongo iote pasipo na wa kumnyonya ikafa, na udongo hupata naitrojeni. Pembeni ya shamba huzungushwa majani ya tembo, au brakiaria pale pakavu, ambayo humvuta nondo akatage huko na viwavi wake wengi wafe. Wakulima walianza kuipanda mwaka 1997. Hailipi siku hiyohiyo. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na msimu wa kwanza ni wa kupalilia kwa uangalifu. Lakini desmodiamu hulisha ng'ombe, na maziwa huja kabla mavuno hayajabadilika. Ukiwauliza wengi kwa nini waliibakiza, ng'ombe atatajwa mapema.

Kisiwani Rusinga, kati ya 2012 na 2015, watafiti walitaka kupunguza malaria kwa mitego inayowavuta mbu kwa harufu inayofanana na ya binadamu. Mtego unahitaji umeme kuzungusha feni, kisiwa hakikuwa nao majumbani, basi kila nyumba ikafungiwa paneli ya jua. Na kwa kuwa paneli ipo, ikawekewa taa na pa kuchajia simu. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016 yalionyesha malaria ikiwa chini kwa karibu asilimia 30 kwenye nyumba zenye mitego. Wakosoaji watasema ni ghali, na ni kweli. Mimi nilichokipenda ni kwamba mwenye nyumba alikuwa na sababu ya kulinda paneli hata asipomwona mbu: ikiharibika, mtoto hasomi na simu inazima.

Kwa nini chombo kizuri hulala darini

Turudi kwenye donge la fedha. Kuna kifaa cha kuzuia mvuke wake, kiitwacho retorti: chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na bomba linaloshuka kutoka juu hadi kwenye maji baridi. Donge huwekwa ndani, moto hupigwa nje, mvuke hupita kwenye bomba, hupoa, na zebaki hudondoka ndani ya maji ikiwa tayari kutumika tena. Ikitumiwa vizuri hurudisha sehemu kubwa sana ya zebaki. Kwa hesabu ya karatasi ni ushindi wa pande zote: mapafu yanapona, na aliyeinunua zebaki hainunui tena kesho.

Hata hivyo, popote duniani retorti zilipogawiwa kwa wachimbaji wadogo, nyingi zimeishia kulala darini. Miradi imejifunza sababu zake kwa gharama, na ukizipima kwa akili ya sokoni utaona zina mantiki. Ya kwanza ni macho. Donge likiwa kwenye kijiko unaliona likibadilika kutoka fedha hadi njano. Likifungiwa ndani ya chuma huoni kitu, na wenzako watatu mnaogawana mzigo nao hawaoni. Kwenye biashara ambayo watu wamewahi kudhulumiana, chungu kilichofungwa huzaa maneno. Ya pili ni muda. Retorti inataka kupashwa na kupozwa, na mnunuzi anangoja, na giza linaingia. Ya tatu ni bei: ukiweka gramu moja ya zebaki kando ya gramu moja ya dhahabu, kuokoa zebaki si jambo la kumkesha mtu. Na katika machimbo mengi zebaki haijanunuliwa hata kidogo. Imetolewa na mnunuzi wa dhahabu kwa masharti kwamba mzigo utarudi kwake. Unaokoaje mali isiyo yako?

Kwa hiyo anayekwenda Osiri na retorti mkononi na hotuba ya afya mdomoni amekosa pa kuanzia. Hoja yenye nguvu zaidi iko kwenye mabaki. Zebaki ni mvivu. Katika mawe mengi hunasa chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Iliyobaki, iliyo nyembamba mno au iliyofunikwa na madini mengine, hutoka na maji na kulundikwa kama mchanga wa kutupwa. Mchanga huo hautupwi. Hununuliwa na wenye mitambo ya sianidi, ambao hutoa humo dhahabu ambayo mama wa beseni aliilipia jasho la kuponda bila kuipata. Hapo pia ndipo tendo la nne la Minamata hutendeka, kwa sababu sianidi ikikutana na zebaki huiyeyusha na kuirahisishia safari ya kwenda mtoni.

Anayeweza kumwonyesha mwanamke huyo namna ya kupata nusu ya pili atasikilizwa bila kutaja ubongo wa mtoto. Na namna zipo. Mawe yakisagwa kwa ulaini ulio sawa, yakapitishwa kwenye ubao wenye mwinamo na kasi ya maji iliyopimwa, kisha kwenye meza inayotikisika, mchanga unaobaki huwa mzito na mdogo kiasi cha kuyeyushwa moja kwa moja kwa boraksi, ile chumvi nyeupe inayotumiwa na masonara kushusha joto la kuyeyukia. Katika jimbo la Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wamefanya hivyo kwa miongo bila zebaki. Boraksi haifai kwa kila aina ya mwamba, na meza ya kutikisa haibebwi kichwani. Inataka mtaji, umeme na mahali pa kuifunga pasipo wasiwasi kwamba wiki ijayo mtafukuzwa.

Hapo suala la kemia linageuka kuwa suala la kibali. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuweka kamati za kaunti za kuwapa vibali. Mpango wa dunia wa planetGOLD, ambao hapa Kenya unapitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na kuitaja Migori miongoni mwa kaunti zake, umeweka urasimishaji pamoja na teknolojia kwa sababu hiyohiyo: benki haikopeshi shimo lisilo na jina. Kibali kimekuwa cha polepole kuliko bei ya dhahabu. Sheria hiyo pia inagawa mrabaha wa madini, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya pale palipochimbwa, lakini dhahabu inayouzwa kimyakimya kwenye kibanda hailipi mrabaha, na jamii haina asilimia 10 ya kitu ambacho daftari halikijui.

Miti nayo inaingia hapa kwa mlango wa nyuma. Shimo la dhahabu hukazwa kwa magogo, na ardhi ikilegea kwa mvua magogo huhitajika zaidi; yanapokosekana au kuoza, watu hufukiwa, na Migori imezika wengi kwa njia hiyo. Kuni na makaa vinadai miti yao pia. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji, yakazaa mbu. Anayehimiza upandaji miti Nyatike angefanya vyema kuuliza kwanza ni nani atakayeikata na kwa bei gani, kwa kuwa mkaratusi ulionyooka ni fedha ya ada ya shule na mwenye nao anajua. Kuhusu majiko sina mengi: jiko la Upesi, lile la udongo wa kufinyangwa linalojengewa kwa tope jikoni, limefinyangwa na kuuzwa na vikundi vya wanawake magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1980. Linaokoa kuni. Kama lingechomewa donge la zebaki lingekuwa na sumu sawa na mafiga matatu.

Kuna fedha za tabianchi zinazofika mashinani siku hizi kupitia mpango wa FLLoCA, ulioanza mwaka 2021 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ambapo kila wadi ina kamati ya kupanga mahitaji yake. Miradi ambayo kamati kama hizo huipendelea kwa kawaida ni visima, mabwawa, vitalu vya miche na matangi ya maji ya mvua. Siilaumu, kiu haingoji. Ila tangi linalokinga maji kutoka kwenye mabati ambayo chini yake kunachomwa zebaki kila Ijumaa linastahili swali kabla ya kukatiwa utepe. Na katika wadi zenye machimbo, mahali pa pamoja pa kuchomea, mbali na nyumba na upande upepo unakoelekea, pangegharimu sehemu ndogo ya bei ya kisima.

Mahali hapo pakiwepo, kikwazo cha macho nacho hulegea: kikundi kinachochoma pamoja, mbele ya kila mwenye mzigo, hakina sababu kubwa ya kukiogopa chungu kilichofungwa, na retorti moja hutosha watu wengi. Wanunuzi wa dhahabu nao wanapaswa kuingizwa, tena kwa nguvu kuliko wachimbaji. Wao ni wachache, wana mtaji, wanaitoa zebaki, na vibanda vyao, ambamo dhahabu huchomwa tena ili kuondoa mabaki ya mwisho, ni miongoni mwa sehemu zenye mvuke mzito zaidi katika mji wowote wa machimbo. Afisa wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, anayetaka kuanza na milango michache ajue ni ipi.

Retorti yenyewe haihitaji kontena kutoka ng'ambo. Fundi wa jua kali mjini Migori mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuiunda kwa vipande vya bomba la maji, kiungio cha pembe, kifuniko cha kukaza kwa nyuzi, na bomba jembamba la kushukia ndani ya ndoo. Mwisho wa bomba uguse tu uso wa maji. Ukizama sana, chungu kikipoa hunyonya maji ndani na kupasuka. Na bomba lazima liwe la chuma kitupu. Lile linaloning'inia kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi, linalong'aa kwa kupakwa zinki, likipata moto hutoa moshi wake wenyewe wenye madhara. Muuza duka akisema ni yale yale, mwambie atafute lisilopakwa.